Mapezi Yaliyong'aa Mno

Rebero, Kigali
20 Januari 2025

Mwanangu Kirezi,

Kosa wanalofanya wengi ni kuitegemea rangi. Mtu huona mbao ina mistari na vitundu, akajiambia kwamba akipaka rangi vitafunikwa. Havifunikwi. Rangi hukauka ndani ya vitundu, na mistari uliyotaka kuificha huonekana zaidi kuliko kabla hujaanza. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu kwa sababu katika picha uliyomtumia baba yako nimeona wanafunzi wako wamelifanya.

Sasa salamu. Huku hatujambo. Baba yako Frederick alikuja Jumapili kutoka Ndera na lita tano za maziwa, akakaa kulalamikia vumbi la barabara yao mpaka maziwa yakakaribia kuganda. Masikio yangu yako vile vile. Daktari alinieleza kwa kuniandikia kwenye karatasi kwamba hayatarudi, hasa la kushoto, kwa hiyo habari ya simu tuisahau. Mtu akinikaribia na kupaza sauti ninamsikia. Kwenye simu nasikia nyuki tu. Zephaniah, yule dereva wa basi la Kahama, amekubali kubeba bahasha na vifurushi vyetu.

Nimefurahi kwamba mwalimu mkuu amekuruhusu kufungua klabu ya roketi kwa lile sanduku la roketi ndogo za kuunganisha mlilopewa na wafadhili. Mapezi, kama ulivyoeleza, ni ya balsa. Mti huo niliushika mara moja tu, chuoni Tanzania, tulipotengeneza vielelezo vya ndege. Ni mwepesi kuliko mkate na mlaini karibu sawa nao. Lakini mbao ni mbao, na mimi nimefundisha useremala miaka thelathini na moja, basi nisikilize.

Msasa uzungushie kipande cha mbao kilichonyooka. Usisugue kwa kidole. Kidole huzama palipo laini na kuruka palipo pagumu, na pezi linatoka na mabonde. Anza na namba 220, malizia na 400, kila mara ukifuata nyuzi za mti. Ukingo wa mbele, unaokata upepo, uuviringe. Ukingo wa nyuma uupunguze uwe mwembamba. Ukingo utakaoshikana na mwili wa roketi usiuguse kabisa, uache tambarare na mkavu, maana gundi haishiki kwenye puti, ile ya kuzibia vitundu.

Kisha chukua puti ya mbao, ilainishe kwa maji iwe kama uji wa mgonjwa, upake pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukipaka upande mmoja tu, pezi litajikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Likikauka, sugua, futa vumbi lote, paka tena. Rudia mpaka uliinamishe kwenye mwanga usione mstari hata mmoja.

Shangazi yako,
Mukabalisa

*

Kahama
16 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Ninaandika nikiwa mzima, na nyumba nzima ni wazima. Joto la huku ni la kutafuta ugomvi. Mwenzangu wa chumba cha pili, mwalimu wa historia, ameanza kulala na kitambaa chenye maji usoni, na juzi aliamka akakuta panzi amemfia juu yake. Baba aliniambia umepunguza chumvi. Nimeshukuru, ingawa simwamini.

Barua yako niliisoma mbele ya klabu. Wapo kumi na wanne. Shakira, wa kidato cha pili, ambaye hajui kuuliza swali kwa upole, alisema, "Mwalimu, huyo bibi anarudia mara ngapi? Mbona hakusema namba?" Nami nakuuliza hivyo hivyo kwa upole. Kitabu kilichokuja na sanduku kinasema mara mbili, au tatu kwa anayependa.

Nikwambie ukweli, mikono yetu bado haijakomaa. Mapezi manne yamevunjika kwenye msasa. Nimekata mapya manane na ninakutumia kwa Zephaniah, kama hutachoka kutusaidia. Roketi mbili zinahitaji matatu matatu, mawili ni ya akiba. Tarehe 29 Machi tutarusha ya kwanza mbele ya shule nzima. Mwalimu mkuu si mtu wa kupenda moshi. Alikubali akiwa na shaka, na amesema wazi kwamba klabu ikimletea aibu, sanduku litakwenda shule nyingine. Shakira amekwishaandika mlangoni pa stoo, "Kituo cha Anga." Ningependa asije kukifuta.

Mwanao,
Kirezi

*

Rebero, Kigali
10 Machi 2025

Mwanangu Kirezi,

Marahaba. Chumvi nimepunguza kweli, na baba yako aache kupeleleza sufuria yangu. Mvua zimeanza. Ukuta wa uani umeshuka kidogo upande wa mteremko, kama wa kila mtu hapa Rebero, lakini fundi ameshauona. Misa ya jana ilikuwa ndefu. Sikusikia kitu, nikaitumia kufikiria mapezi yako.

Mwambie Shakira kwamba swali lake ni zuri na jibu ni nane. Kitabu cha sandukuni kimeandikwa na mtu mwenye haraka. Meza zangu zote zilipata mara nane, tano za puti na tatu za vanishi, na mpaka leo ukipita ofisi za watu hapa Kigali utaziona, na utauona uso wako ndani yake.

Nimefanya mapezi saba. La nane nimeliacha bila kitu, ili nilinganishe. Kazi imenichukua siku kumi na mbili, kwa sababu kwa unyevu huu puti haikauki upesi, na anayeilazimisha kwa jua anaipasua. Pezi la saba nimebaki nalo kama kielelezo. Sita unayo ndani ya kifurushi hiki, kila moja ndani ya kitambaa chake. Yashike kwa kingo, jasho la vidole huacha alama.

Balsa imenishangaza. Inakunywa puti kuliko mti wowote ninaoujua. Mpaka mara ya tatu nilikuwa naona inameza tu. Mara ya tano ikashiba. Hapo ndipo vanishi ikakaa juu kama kioo. Nakuomba uyapitishe mkononi macho ukiwa umefumba, utanielewa.

Niandikie roketi ilivyokwenda.

Shangazi yako,
Mukabalisa

*

Kahama
13 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Palikuwa na mitihani ya nusu muhula, kisha likizo fupi, kisha mafua. Sasa nimepona. Joto limepungua, mwalimu wa historia anaonekana tena kama binadamu. Wiki hii nimewakumbuka sana nyumbani. Najua ni siku za kumbukumbu ya wetu waliouawa, na wewe na baba huwa mnazipitisha pamoja kimya. Nilitamani kuwa nanyi.

Mapezi yalifika salama, hata moja halikuchubuka. Shangazi, sijui niseme nini. Watu wote waliyasifu. Mwalimu mkuu mwenyewe aliyachukua akayageuza geuza, akauliza, "Haya yametoka kiwandani?" Nikamwambia yametoka Rebero. Fundi wa shule aliomba kujua puti uliyotumia. Wanafunzi walikuwa wakijitazama meno ndani yake. Tuliyabandika kwa gundi ya mbao kama ulivyoelekeza, ukingo mkavu, na yalishika vizuri sana.

Wanafunzi nao wanaendelea. Shakira alitengeneza roketi yake mwenyewe kwa vipande vilivyobaki. Mapezi yake yanatia huruma, puti alipaka mara mbili akasugua karibu yote kwa hasira, ukipitisha kidole unahisi mistari. Ilirushwa siku moja na ile kubwa, ikaenda juu moja kwa moja mpaka tukaipoteza machoni. Alipiga kelele wiki nzima.

Msalimie baba. Mwambie asafishe tangi la maji.

Mwanao,
Kirezi

*

Rebero, Kigali
23 Aprili 2025

Mwanangu Kirezi,

Marahaba. Baba yako amesafisha tangi, amekuta mjusi. Pasaka ilikuwa tulivu. Asante kwa ulichoandika kuhusu siku zile. Tulikaa kwake Ndera, tukala pamoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniambia mwalimu mkuu alisema nini, fundi aliuliza nini, na wanafunzi walitazama meno. Roketi ya mtoto umeniambia ilikwenda wapi. Roketi kubwa hukuniambia.

Ilikwenda wapi?

Shangazi yako,
Mukabalisa

*

Kahama
9 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Huku salama. Mahindi yamekomaa, na kila jioni mtaa mzima unanuka mahindi ya kuchoma. Nimeongezwa vipindi vya hisabati baada ya mwalimu mmoja kuhamishwa, kwa hiyo kalamu yangu imekuwa ya kusahihishia tu.

Umeuliza kuhusu roketi kubwa. Siku ile palikuwa na upepo. Tuseme haikufanya vizuri kama tulivyotaka, lakini hakuna aliyeumia, na tumejifunza mengi. Mwalimu mkuu ametupa nafasi moja zaidi. Jumamosi ya tarehe 31 Mei bodi ya shule itakutana, nasi tutarusha mbele yao. Ikienda sawa klabu inabaki. Isipoenda sawa, ameshaandika barua ya kulihamisha sanduku, niliiona mezani kwake, bado haina tarehe.

Usiwe na wasiwasi. Roketi ya pili iko tayari. Mapezi yako matatu yaliyobaki nimeshayabandika, yanapendeza kama yale ya kwanza. Ndani ya pua nimeongeza udongo wa mfinyanzi kidogo, kama donge la ugali, ili itulie. Imekuwa nzito kwa injini zetu, nahofia haitapanda sana na parashuti inaweza kufunguka imechelewa, ila nadhani itatulia.

Shakira anataka tupeleke yake mbele ya bodi. Nimekataa. Nilipomsimulia baba kwenye simu alisema nimefanya vyema, kwamba katika ukoo wetu kazi ya mkono wa shangazi hairudishwi wala haiwekwi kando, na nami nimekua nikilijua hilo. Siwezi kuweka mapezi ya mtoto mahali ambapo yako yapo.

Usikawie kunijibu. Napenda barua zako hata zikiwa fupi.

Mwanao,
Kirezi

*

Rebero, Kigali
26 Mei 2025

Mwanangu Kirezi,

Marahaba. Mvua zimekatika, ukuta umejengwa. Baba yako amenunua ndama na amempa jina la jirani yake, jambo ambalo litatuletea kesi. Mimi mzima.

Barua yako ilinifikia tarehe 12. Nimekaa nayo wiki mbili, na si kwa sababu ya kazi. Siku nne za kwanza nilikuwa nimekasirika. Zilizobaki nilikuwa napima, na baada ya kupima sikutaka kuandika. Sasa zimebaki siku tano, lazima niandike.

Nianze na udongo wako. Mtu haongezi uzito puani bure. Anaongeza puani kwa sababu mkiani umezidi. Nilipolisoma lile neno "donge la ugali" nilikwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo kumtafuta Zephaniah, kwa kuwa nilikumbuka hulala Kahama kabla ya kugeuza. Nilimkuta akifunga mizigo. Nikamwuliza kama aliiona roketi ya mwalimu Kirezi. Akacheka mpaka akashika mlango wa basi. Alinisogelea sikio la kulia akapaza sauti, abiria wote wakasikia.

"Mama! Kwani hakukwambia? Ile kitu ilipanda kama nguzo ya umeme, ikageuka, ikajiangalia, ikarudi! Ikapiga bati la jikoni kwa shule. Wapishi walitoka mbio na miiko mkononi. Mmoja alikuwa anaomba Mungu na mwingine anatukana."

Nikamwuliza, "Palikuwa na upepo?"

"Upepo gani, mama? Nguo zilikuwa kwa kamba zimelala kabisa."

Basi nikapanda hadi Gisimenti kwa Ilyasi, anayetengeneza saa na kununua vito kuukuu vya fedha, kwa sababu mizani ya sokoni haijui gramu. Nilikuwa na pezi la saba, lile la kielelezo, na la nane ambalo sikulipaka. Aliweka la nane kwanza. Gramu moja na nusu. Akaweka la saba, akatazama, akalitoa, akapuliza mizani, akaliweka tena, kisha akanipazia sauti sikioni.

"Gramu tano, mama. Iko uzito ya pete ya mwanaume. Hii ni pezi ya samaki gani?"

"Ya roketi."

"Hiyo roketi iko inaenda wapi? Kuzimu?"

Nilimpa hela ya chai akaikataa. Alitaka kulinunua lile pezi alitundike dukani.

Sasa nikueleze, maana wanafunzi wako watakuuliza, hasa yule mmoja. Roketi ikiwa hewani hujigeuza kuzunguka mahali uzito wake unapolingana, kama rula uliyoiweka juu ya kidole. Mapezi hufanya kazi kwa sababu upepo huyasukuma nyuma ya mahali hapo, na kila roketi inapoyumba hurudishwa kwenye mstari. Kila gramu unayoiongeza mkiani husogeza mahali pale nyuma, kuelekea mapezi. Pakisogea mno, upepo hauna tena mkono wa kuishikia, na roketi huanza kutafuta njia ya kugeuka. Mapezi yangu matatu yalizidi kwa gramu kumi na nusu. Ulipoyashika ulilijua hilo. Wewe ndiye mwalimu wa fizikia.

Nami nilipaswa kulijua. Meza haina haja ya kuwa nyepesi. Meza ikiongezeka uzito mteja huona amenunua kitu cha maana. Nilichukua kazi ya anga nikaifanya ya ofisini, na kitabu chenu kilipokuwa sahihi nikasema mwandishi ana haraka. Kilichosema mara mbili au tatu kilikuwa kimesema vya kutosha. Shakira amefanya kwa hasira kile ambacho mimi nilitakiwa kukifanya kwa akili: puti ipakwe, kisha isuguliwe karibu yote irudi kuwa vumbi, ibaki ile tu iliyoingia ndani ya mistari. Nimelijaribu pezi la nane hivyo. Mara mbili za puti, msasa mpaka mti uonekane tena, kisha rangi moja nyepesi. Halina mng'ao wa kujitazamia meno. Ni laini. Ilyasi amelipima, gramu mbili kasoro kidogo. Nimelitia ndani ya bahasha hii mlitumie kama mfano, na yule mtoto alisahihishe kama anaona kosa.

Hukuniambia, na najua kwa nini. Ulinipa upepo, mafua na mitihani ili usinipe jibu. Nimefikiria kama ningekuwa wewe ningemwambia shangazi yangu. Nisingemwambia. Kwa hiyo sikulaumu, lakini usilirudie, kwa sababu wanafunzi kumi na wanne karibu wapoteze klabu yao ili mimi nisione haya.

Kuhusu kauli ya Frederick kwamba kazi ya shangazi hairudishwi, ni kauli ya baba yetu na ninaiheshimu. Lakini Frederick ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, na shangazi anayetajwa hapo ni mimi. Hairudishwi na mpokeaji. Mwenye kuitoa anaweza kuiomba. Naiomba.

Zephaniah anaondoka alfajiri, utaipata barua hii kesho Jumanne jioni. Mapezi mapya mkiyakata na kuyapaka Jumatano, Alhamisi mtayasugua na kuyapaka mara ya pili, Ijumaa asubuhi mtayasugua tena mpaka mti uonekane na kuyamaliza kwa rangi moja nyepesi, na jioni mtayabandika na kuyaacha yakauke mpaka Jumamosi. Udongo wa puani utoeni wote. Mwachie Shakira ashike msasa. Hamna siku ya ziada ya kuniandikia kuniuliza kama nimesema kweli, wala ya kumpigia baba yako.

Mimi ni shangazi yako Mukabalisa, na ninachokuagiza ni hiki: chukua kisu, uyakate mapezi yangu leo.